Siku Wazee wa Kangeta Walipokuja Kumchukua Dada

Mshauri wa hospitali alimuuliza dada yangu swali lililonipandisha hasira papo hapo. Hakumuuliza amepigwa na nini. Hakumuuliza kwa nini alikuwa akirudi kwa mume wake kila mara. Alimuuliza hivi: "Ulipokuwa mtoto mdogo, ukilia, ni nani alikuwa anakuja?"

Nilikuwa nimekaa upande wake wa kulia, karibu na sikio zima. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka kiwambo kwa kofi la mume wake, kwa hiyo kazi yangu mle chumbani ilikuwa kumrudia maneno ambayo hakuyashika. Nikamwinamia nikamwambia, kwa sauti ambayo hata mshauri aliisikia vizuri sana, "Anauliza eti ukilia ukiwa mtoto nani alikuja. Usiniulize mimi hayo yanahusu nini sikio lako."

Dada akacheka kidogo. Halafu akaangalia mikono yake. "Inategemea," akasema. "Yeyote aliyekuwa nyumbani. Siku nyingine hakuna mtu."

Mimi nina mdomo, na sijawahi kukana. Ofisini kwetu hapa Embu wananiita redio, na wakiniita naitika. Nikamgeukia yule mshauri, mama wa makamo mwenye sweta ya kijani, nikamwambia, "Madam, huyu amepigwa na mwanamume mzima mwenye ndevu. Tukianza kuulizana nani alibebwa na nani hakubebwa, mwishowe tutamhurumia huyo mume. Na mimi simhurumii, haki ya Mungu."

Hakukasirika. "Sijasema umhurumie," akasema. "Wako watu wengi sana waliolia peke yao wakiwa watoto, na hawajawahi kumwinulia mtu mkono. Kupiga ni uamuzi wake, naye ndiye wa kuulizwa. Mimi namuuliza dada yako kwa ajili ya dada yako."

Nikafyata mdomo, lakini shingo upande.

Sisi tumezaliwa Githongo, kwenye kahawa. Dada ndiye kifungua mimba, mimi nilikuja baadaye sana. Alipozaliwa, mama alikuwa bado chuo cha ualimu na baba alikuwa akifanya kazi mbali, kwa hiyo dada akaachwa kwa nyanya. Nyanya naye alikuwa na kahawa ya kuchuma, ng'ombe wa kukatiwa majani, na wajukuu wengine chungu nzima. Mama alikuja wakati wa likizo. Siku ya kuondoka ikifika alifanya walivyofanya wote: alingoja mtoto alale, akachukua mfuko wake, akatokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyeona ubaya. Mpaka leo watu wa kwetu watakuambia mtoto asikuone ukiondoka, atalia bure.

Dada akajifunza kutolala. Nyanya alikuwa akisimulia kama kichekesho: mama akija, kale katoto kanashika pindo la rinda lake na kukaa macho mpaka kichwa kinaanguka chenyewe, na hata kikianguka vidole havilegei, inabidi vifunguliwe kimoja kimoja. Tulicheka sana hadithi hiyo. Tuliicheka Krismasi zote.

Mimi nilipozaliwa, mama alikuwa amepata shule pale karibu na baba alikuwa amerudi nyumbani. Nilibebwa mpaka miguu yangu ikawa inagonga magoti ya mtu anayenibeba. Nikikohoa, watu wawili wanaamka. Tumbo moja lilituzaa, lakini ukweli ni kwamba tulilelewa na mama wawili. Simlaumu mama. Alikuwa msichana mdogo, alifanya alivyofundishwa, na yeye pia aliondoka pale kwa mlango wa nyuma huku akilia njia nzima. Hilo nalo alinieleza mwenyewe, juzi juzi tu.

Basi dada alikua mtu wa kukimbilia kilio. Mtoto wa jirani akianguka, dada ameshafika kabla ya mama yake. Shangazi akifiwa, dada ndiye anayelala naye chumbani wiki nzima. Ndiye aliyenifundisha kusoma, ndiye aliyenifuta kamasi, na siku nilipoanguka mtihani nikajifungia chooni, ni yeye aliyekaa nje ya mlango, kwenye nyasi zenye umande, mpaka nikatoka. Hakunigombeza wala hakuniambia nitoke, alikaa tu. Nilidhani kila mtu ana dada wa namna hiyo. Kumbe nilipewa peke yangu.

Mume wake walikutana harusini, mjini Maua. Alikuwa mnunuzi wa miraa Kangeta, kule Igembe, ana pikapu, ana maneno matamu, na nitasema ukweli hata kama unanichoma: alikuwa mtu wa kupendeka. Walipoonana mara ya pili tu alimsimulia dada habari za utoto wake. Mama yake alichoka kupigwa na baba yake, akaondoka alfajiri bila kuaga, naye akabaki amesimama langoni kwa matumaini kwamba ameenda kisimani tu. Baada ya hapo alilelewa kwa shangazi huyu miezi michache, kwa mwingine miezi michache, kama mzigo usio na mwenyewe. Dada alikuja kunihadithia hayo machozi yakimtiririka. Nilipoona machozi yale nikajua harusi tumeshaila.

Na alikuwa anapiga simu, wee! Asubuhi uko wapi, mchana uko na nani, jioni mbona nasikia sauti ya mwanamume. Nikamwambia dada, huyu anakuchunga kama ng'ombe. Dada akaniangalia kwa upole ambao bado unaniuma. "Wewe huwezi kuelewa," akasema. "Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua niko wapi."

Kweli sikuweza kuelewa. Mimi nilikuwa na watu wawili walioamka nikikohoa.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu simu ya dada iliisha chaji akiwa sokoni. Alipofika nyumbani, shemeji alikuwa langoni. Langoni, jamani, vilevile alivyosimama akiwa mtoto. Hakuuliza swali, alipiga. Baadaye akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa dada, akalia: usiniache, kila mtu ananiacha, wewe usiniache. Na dada, ambaye kazi yake hapa duniani ni kukimbilia kilio, akamfuta machozi huku shavu lake mwenyewe likivimba.

Ikawa hivyo. Anapigwa, anakimbilia Githongo kwa wazazi au kwangu Embu, shemeji anakuja, analia, wanaondoka pamoja. Watu walisema dada anapenda kupigwa. Wengine walisema amelishwa kitu. Kanisani mama mmoja alimwambia mama yetu kwamba binti yako hana akili. Huyo nilimjibu mimi, na nasikia mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Kilichomtoa dada Kangeta mara ya mwisho hakikuwa sikio. Lilikuwa jambo dogo kuliko hilo. Wana binti, wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno. Jioni ile shemeji alikuwa amempiga dada kofi lile la sikio, na sasa alikuwa amesimama katikati ya nyumba anapiga kelele. Mtoto hakulia. Alitoka nyuma ya kiti, akaenda chini ya kitanda, akaleta ndara za baba yake, akaziweka miguuni pake, zote mbili, zikiangalia mbele vizuri. Kisha akasimama akimwangalia usoni aone kama kelele zitakwisha.

Dada aliniambia kwamba hapo ndipo alipojiona mwenyewe, akiwa mdogo namna ile, ameshika pindo la rinda. Asubuhi alipoona pikapu imeondoka, alimfunga mtoto mgongoni akaja kwangu.

Nilimpeleka hospitali kwa sababu ya usaha, na nesi aliyemsafisha sikio ndiye aliyetuelekeza kwa yule mama wa sweta ya kijani. Tulirudi kwake mara nyingi. Baada ya sikio kupona, dada aliingia peke yake na mimi nikabaki kwenye benchi nikisoma mabango ya chanjo. Lakini jioni alinieleza yote tukikatakata sukuma wiki, na kidogo kidogo hasira yangu kwa lile swali ikanitoka.

Mshauri alimweleza kwamba mtoto mchanga hujifunza habari za watu kabla hajajua kuongea. Anayejibiwa akilia hujua watu wapo, na akikua anaweza kumpenda mtu bila kumng'ang'ania. Asiyejibiwa kabisa huzoea kujitegemea, akawa mtu asiyetaka kuguswa. Na yule anayejibiwa leo na kesho haonekani mtu, huyo haachii. Akimpata mtu humshika kwa mikono miwili, na hata akiumizwa anachoogopa zaidi ni kuachwa. "Sasa weka watu wawili wa namna hiyo nyumba moja," mshauri alimwambia, "na mmoja wao awe ameamua kwamba hofu yake itatokea mikononi."

"Kwa hiyo sisi wawili ni wagonjwa?" dada alimuuliza.

"Wewe hujampiga mtu," mshauri akamjibu. "Wewe ulijifunza kitu ukiwa mdogo ili uishi, na kikakusaidia kuishi. Sasa kinakurudisha mahali ambapo utauawa. Kinaweza kujifunzwa upya. Ni kazi, lakini kinaweza."

Na dada yangu akaifanya hiyo kazi. Hapo ndipo ninapotaka watu wanisikilize, kwa sababu kazi hii haionekani na hakuna anayeipigia makofi. Alipata kibarua kwenye kibanda cha chakula karibu na chuo kikuu, akipika chapati na maharagwe ya wanafunzi. Simu ya shemeji ilikuwa inapigwa akiwa amezamisha mikono kwenye unga. Mwanzoni alishika simu na unga wake. Baadaye alikuwa anaikanda ile chapati, anaikanda, anaikanda, midomo imebanwa, mpaka simu inyamaze. Mwenye kibanda alilalamika kwamba chapati za huyu mama ni ngumu siku za simu. Nilizila. Zilikuwa ngumu kweli, na nilizila zote.

Shemeji akituma ujumbe wa sauti wa kilio, dada alikuwa ananipa simu niufute bila yeye kuusikia. Nami niliusikiliza kwanza, sitakataa. Nilitaka kujua adui yuko wapi. Wacha nikuambie, yule mtu alilia kwa namna ambayo hata mimi, redio, ninayemchukia, nilijikuta nimekaa kitandani kimya. Nikaanza kuelewa dada alikuwa anavuta kamba dhidi ya nini.

Halafu baba akapiga simu kutoka Githongo. Wazee wa Kangeta wanakuja Jumamosi na shemeji, kumchukua mke wao kwa heshima.

Niliruka. Nikasema hatuendi. Mshauri naye alimwonya dada kwamba mwanamke anapoondoka ndipo mume wa namna hiyo anapokuwa hatari zaidi, akamwambia akienda asikae naye peke yake hata dakika moja, asitoke nje ya lango naye, na mtoto abaki Embu. Mtoto akabaki na jirani yangu. Lakini dada alisisitiza kwenda. "Niliozwa pale nyumbani mbele ya wazee," akasema. "Nisipoenda, watasema nimetoroka, nao watamchosha baba mpaka azikwe. Nitasema mbele yao."

"Na akilia?"

Hilo ndilo lililokuwa swali letu, na sote wawili tulilijua. Angerudi Kangeta safari ile, hangerudi kwangu tena akiwa hai. Sijui nilijuaje, lakini nilijua, na yeye alijua.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Ukija kuomba jambo zito kwa watu, unabeba kitita cha miraa, kilichochaguliwa kijiti kwa kijiti, kikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba. Kinawekwa mezani kikiwa kimefungwa. Watu wanaongea. Mwenye nyumba akikubali neno lenu, ndipo anapokifungua na kutafuna. Akikataa, kinarudi kama kilivyokuja. Kitita kilichofunguliwa ni neno lililokubaliwa, na si kazi ya mwanamke kukigusa.

Baba yetu ni mzee wa kanisa na ni mpenzi wa miraa, na mambo hayo mawili ameishi nayo bila kuyagombanisha. Githongo yetu ni kahawa na ndizi, miraa nzuri ni ya Igembe, na tangu dada aondoke Kangeta hakuna aliyemletea. Wazee wanne wakaingia sebuleni, wakakaa kwenye makochi yenye vitambaa vya mama, shemeji akakaa karibu na mlango, amekonda, koti limemzidi. Aliyeongoza alikuwa baba yake mdogo, mzee mrefu asiye na haraka. Akaweka kitita mezani. Majani yake yalikuwa mabichi, yananukia. Mama akasema tuombe. Tukafumba macho, na mama akiomba, anaomba.

Tulipofumbua, baba alikuwa anatafuna.

Ameshafungua! Kamba iko sakafuni, majani yamelala wazi, shavu limejaa. Alikuwa amesahau kabisa. Aliona miraa ya Igembe mezani kwake na mkono ukaenda wenyewe, kama siku zote mkwe alipomtembelea.

Yule mzee mrefu akatabasamu. "Tunashukuru, mzee. Umetufungulia hata kabla hatujasema. Basi neno letu limekuwa fupi."

"Ala!" mama akasema. "Mzee, umefanya nini?"

Baba akaacha kutafuna. Aliangalia kamba, akaangalia dada, na nikaona macho yake yakijaa maji. Hakuweza kutema, maana kutema mbele ya wageni ni tusi, na hakuweza kumeza. "Nilikuwa naonja tu," akasema.

"Kuonja!" Nililipuka. "Unaonja maisha ya mtoto wako? Hicho kitita hakijafunguliwa, wageni wetu! Hiyo ni njaa ya mzee tu!"

"Huyu msichana ni wa nani?" mzee mmoja akauliza.

"Ni wangu," mama akajibu. "Mwacheni aseme."

Sikupata nafasi ya kusema. Shemeji alikuwa ameshuka kwenye kiti, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, analia. Hakuwa anaigiza. Mtu mzima alilia mpaka mabega yakawa yanaruka, akamwita dada kwa jina la utani analotumia yeye peke yake, akasema nyumba imekuwa pango, akasema harudii tena, akasema usiniache. Wazee walitazama chini. Hata mama alijifuta pua. Na hakuna mtu katika chumba kile aliyejua, isipokuwa mimi, kwamba hilo ndilo jambo gumu kuliko yote ambalo mtu angeweza kumfanyia dada yangu.

Dada akasimama.

Mzee mmoja akasema Mungu ni mwema. Yule mrefu akalegeza mgongo kwenye kochi. Alianza kutembea kuelekea kwake, polepole, na njiani kulikuwa na ile meza fupi. Akafika mezani. Akainama.

Akaanza kukusanya vijiti. Alivipanga vichwa upande mmoja, akavigonga chini vilingane, akavilaza kwenye majani, akakunja jani la kushoto, akakunja la kulia, kama alivyokuwa akifunga miraa ya biashara kila siku kule Kangeta. Akaokota kamba sakafuni. Akazungusha, akakaza fundo kwa meno. Wazee wanne walimwangalia mwanamke akishika kitita na hakuna aliyemkataza.

"Baba amekula vijiti vyake," dada akasema. "Avifurahie, alikuwa amevikosa. Mimi sijafungua kitu." Kisha akamgeukia mume wake, akiwa bado upande ule wa meza. "Nakusikia unalia. Inaniuma, nakuambia ukweli. Lakini siji."

Kilio kikakatika. Sijui nielezeje kilivyokatika: hakikupungua, kilikatika. Shemeji akajifuta uso kwa mkono wa koti, akainuka, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kwanza. "Ni nani?" akauliza. "Ni nani huyo uliyempata Embu? Unadhani sitakufikia?" Akapiga hatua. Baba yangu, mzee yule na shavu lake limejaa, alikuwa ameshasimama mbele ya dada kabla mimi sijatoka kwenye kiti.

"Kaa chini," yule mzee mrefu akamwambia shemeji. Aliposema hivyo hakuwa anatabasamu tena. Alimwangalia mtoto wa ndugu yake, nadhani alikuwa anamwona ndani yake yule ndugu aliyekuwa akimpiga mkewe. Halafu akainuka, akaenda kwa dada, akanyoosha mikono miwili. Dada akampa kitita. Akakipokea kwa mikono yote miwili, akamwambia baba, "Tumepokea." Kwetu neno hilo likishasemwa, kukataliwa kumekubaliwa, hakuna la kuongeza. Wakamtanguliza shemeji mlangoni, mzee mmoja kila upande, wakaondoka.

Mama na baba walibaki sebuleni. Nilimkuta dada jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, mikono imebanwa katikati ya magoti. Nikaanza, maana kunyamaza sijui. "Dada, wewe ni mwanamke! Wewe ni chuma! Vile ulisimama, vile ulitembea, mimi nilidhani—"

"Nyamaza," akasema. "Niliposimama nilikuwa naenda kwake."

Nikaegemea mlango.

"Miguu ilikuwa inaenda kwake. Niliifuata. Nikafika pale mezani, na mpaka nikainama sikuwa najua nitafanya nini." Akavuta pumzi. "Na hata sasa. Hata sasa hivi nataka kwenda."

Nimeishi na watu jasiri wa midomo, mimi nikiwa wa kwanza. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu dada yangu akitetemeka kwenye kile kigoda. Nilikaa chini kwenye saruji karibu naye.

"Nenda ukafunge mlango wa nje," akaniambia. "Weka kufuli."

"Wameshaenda, dada. Nimesikia pikapu ikishuka."

"Najua wameenda," akasema. "Wewe funga."

Nikaenda nikafunga, na ufunguo nikabaki nao mimi.